Lichukue Kama Lilivyo

“Nilimwambia alichukue kama lilivyo, naye akasema amekubali. Sasa unataka nini tena kwangu?”

“Nataka umfuate.”

“Nimfuate nikamwambie nini, Raihana? Kwamba mke wangu amekosa usingizi?”

“Ukamwambie lilivyo.”

Tumepokea kutoka kwa wazee wetu, nao walipokea kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba maneno haya yalisemwa zamani katika nyumba ya udongo huko pande za Hadharamaut, baina ya mume na mke waliokuwa wakimcha Mola wao. Mume, Dhakwan bin Sabit, alikuwa akifyatua matofali ya udongo. Alikuwa mtu wa neno moja, na watu walimwachia amana zao wakisafiri. Mkewe Raihana alikuwa mwanamke mkimya, mwingi wa kufunga, na majirani hawakuwahi kuisikia sauti yake ikivuka ukuta. Asubuhi ile ilivuka.

Waligombana juu ya sufuria la shaba. Lilikuwa sufuria kubwa, la kupikia watu wengi, na Raihana alilirithi kwa mama yake. Aliyewahi kupikia shaba anajua kwamba sufuria lake halitumiki mpaka lipakwe bati kwa ndani, na kwamba bati hilo huliwa kidogo kidogo na miiko na masuguo, kama soli ya kiatu inavyoliwa na njia. Likiisha, shaba hukutana na chakula. Na chakula kikiwa na uchachu, kikalazwa humo, shaba hutoa kutu ya kijani, na kutu hiyo ni sumu.

Raihana aliyajua hayo si kwa kuambiwa. Fundi wa kutia bati wa kijiji chao alikuwa amefariki, na hakuna aliyekuja kushika kazi yake. Siku moja Raihana alisahau maziwa ya mgando ndani ya sufuria lile, na mbuzi wao wa maziwa akayafikia akayanywa. Alimwona mbuzi yule akitetemeka miguu, akitoa povu, akimtazama kama anayetaka kuuliza kitu. Kabla ya Magharibi alikuwa amekufa. Tangu hapo sufuria lilifudikizwa pembeni mwa chumba, na hakuna aliyeligusa.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Watu hawajengi nyumba wakati hawana chakula, na matofali ya Dhakwan yakapangwa juani yasipate mnunuzi mpaka yakaanza kumeguka. Ndipo alipokuja mtu kutoka ng’ambo ya mlima, jina lake Mutarrif, akiuliza nyumba kwa nyumba kama kuna mwenye sufuria kubwa la kuuza, kwa kuwa anamwoza mwanawe. Punda wake alikuwa amebeba gunia la mtama.

Na ilikuwa ada ya wanawake wa kijiji kile kwamba chombo hakitoki nyumbani kikiwa kichafu, hata kama kinauzwa, hata kama kimetoboka. Kutoa chombo chenye masizi ilikuwa aibu, na mwanamke angesemwa kisimani mwaka mzima. Basi Dhakwan alipokuwa akimkaribisha mgeni kwa maji barazani, Raihana alilivuta sufuria uani akalisugua kwa majivu na ukwaju. Kutu ya kijani ikatoka. Hata mabaka machache ya bati yaliyokuwa yamesalia yakatoka. Ndani kukawa kwekundu, kunang’ara kama kaa lililopulizwa.

Watu wa kwao Mutarrif walipikia vyungu vya udongo. Aliinama akatazama ndani ya sufuria, akaona wekundu ule, akadhani ni upya.

“Mashallah,” alisema. “Wenyewe wamelitunza. Mama yangu atafurahi. Atapika nyama kwa siki, kama desturi yetu, ailaze humo usiku kucha ili kesho baada ya Alasiri wageni wakija iwe imelainika.”

Raihana alikuwa nyuma ya pazia. Alilisikia neno siki. Alilisikia neno usiku kucha. Alifungua kinywa, akaliona gunia la mtama kupitia upenyo wa pazia, akakifunga. Naye Dhakwan akasema lile neno ambalo watu huliona ni ngao: “Ndugu yangu, ni kitu kikuukuu. Lichukue kama lilivyo, mimi sina dhamana.” Mutarrif akasema amekubali, akaliteremsha gunia la mtama, akalifunga sufuria mgongoni mwa punda, akaondoka akiwaombea dua.

Jioni ile Raihana alisaga mtama akapika. Dhakwan alikula. Raihana alitia tonge kinywani akalitoa. Alijiambia kwamba huenda watalitumia kwa maji tu. Alijiambia kwamba huenda mama wa mtu yule anaijua shaba. Kila alipofumba macho alimwona mbuzi. Kisha hakumwona mbuzi tena, aliona mkeka umetandikwa, na watu wamekaa wameuzunguka, wala hakuzijua nyuso zao, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Kwa hiyo asubuhi wakagombana. Dhakwan hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na hoja. Alisema kwamba wao si wenye duka. Mwenye duka, anayeuza vipya kila siku, huyo ndiye anayedaiwa dhamana. Wao ni watu wa nyumbani waliouza chombo chao cha zamani, na kila mtu anajua kwamba cha zamani kina yake. Mnunuzi ana macho, alitazama, aligonga kwa kidole, aliridhika. Kama kila aliyeuza punda mzee angemkimbilia mnunuzi kumhesabia meno, dunia isingeuziana kitu.

“Basi twende kwa kadhi,” alisema Raihana. “Akisema huna deni, sitasema neno tena mpaka siku ya kufa kwangu.”

Dhakwan alikubali upesi, maana aliiamini hoja yake.

Kadhi wa kijiji, Sheikh Ubaid, alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba yake akichambua dengu, macho yake yakiwa karibu na sinia kwa sababu uoni wake ulikuwa umepungua. Hakuacha kuchambua walipokuwa wakieleza. Dhakwan alieleza yote kwa haki, hakuficha hata la mbuzi. Alipomaliza, kadhi aliuliza: “Ulipomwambia alichukue kama lilivyo, wewe ulikuwa unajua lilivyo?”

“Nilijua.”

“Na yeye alijua?”

“Hakujua,” alisema Dhakwan.

“Neno lile ni halali,” alisema Sheikh Ubaid. “Linamkinga muuzaji asiyejua. Mtu ameuza jembe, hajui kama mpini umeliwa na mchwa kwa ndani, akasema lichukue kama lilivyo, hana deni, awe na duka au asiwe nalo. Lakini anayeijua aibu, yaani kasoro, ya kitu chake akaifunika kwa neno hilo, huyo hakusema kama lilivyo. Alisema kama linavyoonekana. Mauzo hayo mnunuzi akitaka anayavunja, na bei yake inarudi. Na kilichoharibika kwa aibu ile ni juu ya muuzaji. Chakula kikiharibika, ni juu yake. Mtu akifa…”

Hakuimaliza. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya dengu.

Kisha aliuliza sufuria lilikuwa la nani. Raihana alijibu kutoka nyuma ya mumewe kwamba lilikuwa lake, la mama yake.

“Basi muuzaji ni wewe, binti yangu,” alisema kadhi. “Mumeo alikuwa ulimi wako tu.”

Usiku kucha Raihana alikuwa akimwogopea mumewe moto wa akhera. Hakuwa amejiogopea mwenyewe. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alilisugua kwa sababu ndiyo ada, hakukusudia kuificha kutu.

“Mimi nahukumu mauzo,” alisema Sheikh Ubaid. “La kusugua unalijua wewe na Mola wako. Mnunuzi ametoka lini?”

“Jana.”

“Na nyama inaliwa lini?”

“Leo, baada ya Alasiri.”

Kadhi alisukuma sinia pembeni. “Kwa nini basi mmesimama hapa?”

Walirudi nyumbani mbio. Dhakwan, bila ya kuambiwa, alilifunga mdomo gunia la mtama uliosalia, akajitwika. Walikuwa hawana punda. Njia ya mlimani ilikuwa ya mawe, na jua la mwaka ule lilikuwa kali, na mara kwa mara Dhakwan alilazimika kusimama, akiegemeza gunia kwenye mwamba, akihema. Raihana alitangulia, kisha akarudi, kisha akatangulia tena.

Mtu akiwa na hofu njia nzima humsemesha. Walipokutana na msafiri anayetoka upande ule, Raihana alimtazama usoni kuona kama ni mleta habari za msiba. Walipomwona tai akizunguka juu ya bonde, Raihana aliinamisha kichwa asimwone. Alikuwa akisoma istighfari, lakini katikati yake moyo wake ulikuwa ukifanya biashara. Ulisema, Ewe Mola, wakiwa wamekwisha kula, wafiche wasijue ni sisi. Aliposikia moyo wake umeomba hivyo, alishtuka kuliko alivyoshtushwa na kadhi. Alisimama pale pale njiani.

“Nini?” aliuliza Dhakwan.

“Nimeomba dua mbaya,” alisema Raihana.

Dhakwan alimtazama chini ya gunia, jasho likimtiririka machoni. “Hata mimi,” alisema.

Wakaendelea.

Waliingia kijiji cha Mutarrif wakati wa Alasiri. Mikeka ilikuwa imetandikwa uwanjani, na wanaume wamekaa wakingoja, wamevaa nguo zao za Ijumaa. Hakuna aliyekuwa akila. Raihana alizitazama nyuso zao, na zilikuwa nyuso za watu hasa. Mmoja alikuwa na kovu, mmoja alikuwa akimcheka jirani yake kwa kulala amekaa, na watoto walikuwa wamepenya mpaka mbele kwa sababu walikuwa na njaa. Hakusimama. Alimwacha Dhakwan na gunia lake akapita mpaka ua wa wanawake.

Sufuria lilikuwa pale juu ya mafiga, limepunguziwa moto, limefunikwa sinia. Harufu ya siki ilijaa ua mzima. Wanawake walikuwa wamejipanga na mabakuli. Na pembeni, juu ya kirago, alikuwa amelala mwanamke mzee, mikono yake imekumbatia tumbo, bakuli la matapishi kando ya kichwa chake. Raihana aliuliza ni nani. Wakamwambia ni Bi Hamdana, mama yake Mutarrif, mwenye kupika. Wakasema ni uzee na joto la jiko. Aliamka alfajiri akaionja nyama kwa ajili ya chumvi, akaionja tena, kama kawaida yake, kisha akaanza kutapika.

Lubaba, mke wa Mutarrif, alikuwa amekwisha kuliondoa sinia na kuutia upawa ndani.

Wanasema Raihana alitaka kusema na sauti haikutoka. Kimya kile kile cha nyuma ya pazia kilimrudia. Aliona upawa unapanda umejaa. Ndipo alipopita kati ya wanawake wale asiowajua, akaweka kiganja chake juu ya bakuli lililokuwa likingojea, na mchuzi wa moto ukamwagikia mkononi.

“Msile,” alisema. “Hili lilikuwa langu. Bati lake limekwisha, lina sumu, limeua mbuzi wangu. Nilijua, na nikanyamaza.”

Kisha Lubaba akacheka, kicheko kisicho na furaha.

“Kumbe ndiwe,” alisema. “Mtama mmekula, sasa sufuria mnalitaka. Ungesubiri basi tuoshe, dada, usilibebe na mchuzi.”

Wengine walicheka pia. Mmoja alisema kwamba watu wa ng’ambo ya mlima wana hadithi nyingi kuliko visima. Lubaba alimwondoa mkono Raihana, si kwa upole, akachovya upawa tena. Raihana alilishika sufuria kwa mikono miwili, na moto wake bado ulikuwamo ndani ya shaba, wala hakuliachia. Alikuwa akilia. Alisema hataki sufuria, wala hataki kitu, wamfukuze, wampige, lakini wasile.

“Mwacheni,” ilisema sauti kutoka kwenye kirago.

Bi Hamdana alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. “Tangu nilipoionja nyama ile,” alisema, “ulimi wangu una ladha ya msumari. Nilidhani ni mauti yanakuja. Nikaona haya kusema siku ya arusi ya mjukuu wangu.”

Hakuna aliyecheka tena. Lubaba aliutazama upawa mkononi mwake, kisha akautazama mdomo wa mtoto wake mdogo aliyekuwa ameshika pindo la nguo yake akingoja chakula, na upawa ukamwanguka.

Upande wa wanaume, Dhakwan alikuwa amelitua gunia mbele ya Mutarrif na kumweleza. Mutarrif alisikia mpaka mwisho. Ghadhabu ilimpanda, ikashuka, maana alikuwa mtu wa haki, akasema: “Lakini uliniambia nilichukue kama lilivyo, nami nilikubali kwa kinywa changu. Sina dai juu yako.”

Huo ulikuwa mlango wa kutokea, na aliyeufungua ni mwenye haki mwenyewe. Kama Dhakwan angenyamaza, angerudi kwao na gunia lake, na hakuna mtu katika dunia hii ambaye angemlaumu.

“Neno lile linamkinga asiyejua,” alisema Dhakwan. “Mimi nilijua. Bei yako hii hapa, ila tulichokula jana. Na nyama iliyoharibika ni juu yetu. Sina mnyama wa kukulipa. Nina mikono, najua kufyatua matofali. Nionyeshe ukuta ulioanguka.”

Nyama ilimwagwa shimoni na kufunikwa mawe, mbwa wasiifikie. Ni jambo chungu kumwaga nyama mwaka wa njaa, na wazee kadhaa waligeuza nyuso. Wanawake walisaga ule mtama uliorudi, wakausonga katika vyungu vyao vya udongo, na arusi ikaliwa kwa ugali na tende. Raihana hakula. Alikaa kwenye kirago cha Bi Hamdana akimnywesha maziwa kidogo kidogo na kumfuta kinywa. Kila mzee yule alipojikunja kwa maumivu, Raihana alijikunja naye. Kila alipotulia, Raihana aliinama kusikiliza kama bado anapumua. Wanasimulia kwamba hakuwahi katika maisha yake kumwomba Mwenyezi Mungu kitu kama alivyoomba pumzi za mwanamke yule.

Alfajiri Bi Hamdana aliomba maji. Jua lilipopanda aliomba mswaki.

Dhakwan alibaki katika kijiji kile mpaka alipomaliza kujenga ukuta wa zizi la Mutarrif, na inasemwa ulikuwa ukuta mzuri. Raihana aliondoka kabla yake, kwa kuwa alikuwa na nyumba ya kuangalia. Sufuria aliomba walivunje walifukie, naye Mutarrif akalipiga shoka mbele yake.

Ndugu zangu katika imani, sisi tunauziana vitu vyetu vya zamani kila siku. Kitanda, cherehani, baiskeli, jiko. Hatuna maduka, na kwa hiyo tunadhani hatuna dhamana. Tunaosha, tunang’arisha, tunasema chukua kama kilivyo, na lile tunalolijua tunalimeza. Kisa hiki hakitufundishi kwamba mkweli hapatwi na hasara, kwani Dhakwan na Raihana walirudi mikono mitupu katika mwaka wa njaa. Kinatufundisha kwamba iko saa ambayo neno la kweli bado linafaa, na saa hiyo haitungoji. Waliosimulia wanasema kwamba Raihana aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipokumbuka siku ile alitetemeka kama aliyeamka sasa hivi.

Na neno walilolihifadhi zaidi ni lile aliloambiwa siku ya kuondoka. Bi Hamdana alijikongoja mpaka mlangoni, akashika mwimo kwa mkono mmoja, uso wake ukiwa bado na rangi ya majivu. Raihana aliinama kuushika mkono wake wa pili, akamwomba amsamehe.

“Hata ungechelewa ukaja leo, ningekusamehe, binti yangu,” alisema mzee yule. “Lakini ungenikuta sina kinywa cha kukuambia.”